Kizibao cha mfuko wa hewa kwa mwendesha pikipiki wa Mwanza

Ushauri mwingi unaopatikana kuhusu vizibao vyenye mfuko wa hewa umeandikwa kwa ajili ya mtu wa Milano au Lyon, ambaye barabara yake ni lami tupu, duka la vipuri liko mtaa wa pili, na kizibao chake kikishafunguka hukituma kiwandani na kukisubiri nyumbani. Sisi tunaotoka Nyakato kwenda Kisesa na Magu, au tunaopita Usagara kuelekea Misungwi na Sengerema, tuna maswali mengine kabisa. Mimi ni daktari wa mifugo, kazi yangu hunipeleka vijijini kwa pikipiki, na kwa muda sasa nimekuwa nikivaa kizibao cha aina hiyo kila ninapopanda. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa mazingira yetu, swali la kwanza si kizibao kipi kinajaa haraka zaidi kuliko vyote, bali ni kipi ambacho mwenye nacho anaweza kukirudisha kazini kwa mikono yake mwenyewe, akiwa hapa hapa Mwanza, siku ya pili baada ya kufunguka.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Magari yana mifuko ya hewa ndani ya usukani, na Honda waliwahi kuuweka mfuko wa namna hiyo kwenye pikipiki yenyewe, ile Gold Wing kubwa, mwaka 2006. Kizibao ninachokizungumzia hapa huvaliwa mwilini na mpanda pikipiki. Wakazi wa kando ya ziwa hawatapata shida kukielewa, kwa sababu kinafanya kazi kama jaketi okozi lile linalojijaza: ndani ya kitambaa mna mfuko uliokunjwa, mna katriji ndogo ya chuma yenye gesi iliyoshindiliwa, mara nyingi kaboni dioksaidi, na mna sindano inayosubiri kuitoboa katriji hiyo. Katriji ikitobolewa, mfuko hujaa na kuizunguka shingo, mgongo, mbavu na kifua, na katika miundo mingine hushuka hadi kwenye nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Haulindi kichwa, mikono wala miguu. Anayedhani kwamba akikivaa ataweza kuiacha helmeti nyumbani hajaelewa anachokinunua.

Tofauti kubwa kati ya vizibao hivi iko kwenye kinachoiamuru sindano itoboe. Katika aina ya kwanza ni kamba. Upande mmoja wa kamba umefungwa kwenye fremu ya pikipiki, upande mwingine unapachikwa kwenye kishikizo kilicho kifuani, na mwili ukirushwa mbali na pikipiki kamba hukaza, huchomoa gololi au pini iliyokuwa imezuia springi, na springi huisukuma sindano. Hakuna betri, hakuna programu. Hit-Air ya Japani na Helite ya Ufaransa ndizo kampuni zinazojulikana zaidi kwa muundo huo. Aina ya pili ni ya kielektroniki: kizibao kina kompyuta ndogo yenye vihisi vya mwendo, ambayo husoma mkao wa mwili hadi mara 1,000 kwa sekunde na kuamua yenyewe kwamba sasa mtu anaanguka. Dainese na Alpinestars za Italia ndiyo zilizoutangaza muundo huu kupitia mashindano, na tangu mwaka 2018 kanuni za MotoGP, mashindano makubwa ya pikipiki duniani, zinawalazimisha wakimbiaji wote wa kudumu kuvaa mavazi yenye mfuko wa hewa. In&motion ya Ufaransa hutengeneza kisanduku cha kompyuta ambacho kampuni nyingine hukitumia ndani ya vizibao vyao.

Kwa kasi, kizibao cha kielektroniki kinashinda, na sitajaribu kuficha jambo hilo. Vingi hujaa katika muda wa milisekunde 25 hadi 60 (milisekunde 1,000 ni sekunde moja), na vinaweza kuanza kujaa wakati mpanda pikipiki bado yuko juu ya siti, kwa sababu kompyuta imeshahisi kishindo. Cha kamba huhitaji karibu milisekunde 100 au zaidi, na saa hiyo huanza kuhesabiwa pale kamba inapokaza, si pale gurudumu linapogonga. Mtu aendaye kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kwa sekunde, maana yake katika milisekunde 100 ameshakwenda mita 1.4. Kama ameligonga kwa mbele lori lililosimama, umbali huo unaweza kuwa ndio wote alionao, na kizibao cha kamba huenda kikachelewa. Kama amekwepa mbuzi, pikipiki ikalala naye akarushwa kuelekea kwenye changarawe za kando, ana muda wa kutosha. Katika njia ninazopita, ajali za namna hii ya pili ndizo ninazozihofia zaidi: ng'ombe wanaovuka jioni pasipo mchungaji wa mbele, mchanga ulioletwa na mvua kwenye kona, tuta lisilo na rangi wala kibao, na bajaji inayoingia barabarani bila kuangalia nyuma.

Kilichonifanya nikiache kizibao cha kielektroniki ni barabara yenyewe, pamoja na maisha ya kifaa baada ya kununuliwa. Programu ya kompyuta ile imefundishwa kutofautisha kuanguka na kuendesha kwa kawaida, na vizibao vingi vilifundishwa kwa barabara za lami. Baadhi ya watengenezaji huandika wazi ndani ya kijitabu kwamba kizibao hicho si cha kutumika nje ya lami, na wengine huuza muundo tofauti, au mfumo tofauti wa programu, kwa ajili ya njia za vumbi. Asiyekisoma kijitabu hicho anaweza kununua kifaa cha bei kubwa ambacho nusu ya safari zake hakikutengenezwa kwa ajili yake. Halafu kuna betri, ambayo hudumu kwa saa 20 hadi 30 za kuendesha kisha inataka chaji, na sote tunajua umeme unavyoweza kukatika usiku ule ule uliopanga kuchaji. Kuna pia mtindo wa kulipia huduma ya programu kwa mwezi au kwa mwaka. Mwaka 2021 palitokea mjadala mkubwa nchini Marekani pale ilipofahamika kwamba kizibao kimoja cha Klim, kampuni ya huko ya mavazi ya pikipiki, kinachotumia kisanduku cha In&motion kingeacha kufanya kazi endapo mwenye nacho angechagua kulipa kwa mwezi, akaacha kulipa, na muda wa nyongeza aliopewa ukaisha. Kampuni iliweka utaratibu huo hadharani, na mtu anaweza kuchagua kununua moja kwa moja bila deni la kila mwezi. Hata hivyo, siwezi kuukabidhi uti wangu wa mgongo kwa malipo yanayotegemea kadi ya benki na intaneti.

Jambo zito zaidi ni siku ya pili. Baadhi ya vizibao vya kielektroniki vikishafunguka lazima virudishwe kwa mtengenezaji au kwa wakala wake ili mtungi wa gesi ubadilishwe. Vingine, hasa vya miaka ya karibuni, humruhusu mwenye navyo kubadilisha mwenyewe. Ukiamua kwamba cha kielektroniki ndicho unachokitaka, hili ndilo swali la kumbana nalo muuzaji kabla ya kutoa fedha, na asipojibu kwa sentensi moja iliyonyooka, ondoka.

Cha kamba nilikifanyia jaribio karakana kwa fundi wangu kule Nyakato, nikiwa na katriji ya akiba, kwa sababu sikutaka mara ya kwanza kukisikia iwe barabarani. Nilisimama kando ya pikipiki nikiwa nimevaa helmeti na nimefunga vishikizo vyote, fundi akaishika kamba kwa mikono miwili na kuivuta kwa mwili mzima. Haikutoka mara ya kwanza. Nguvu inayohitajika ni ya kilo 20 hadi 30 au zaidi, kutegemea kampuni, na zimewekwa makusudi kubwa hivyo ili mtu anayeshuka na kusahau kuchomoa kamba avutwe tu na kukumbushwa, bila kukifungua kizibao. Alipoongeza nguvu ulisikika mlio mkavu, vijana wa karakana wakainama, na kabla sijaangaza macho ukosi ulikuwa umeinuka na kuishika helmeti kwa chini, kiasi kwamba sikuweza kukirudisha kichwa nyuma. Kifua kilibanwa lakini pumzi iliendelea. Baada ya dakika kadhaa gesi ilitoka yenyewe taratibu na kizibao kikalegea.

Kukirudisha kazini kulichukua muda mfupi, lakini kuna mpangilio usioruhusu haraka. Unafungua kwanza katriji iliyotobolewa na kuiondoa. Kisha unaisukuma springi irudi mahali pake kwa spana ndogo ya L inayokuja na kizibao, na kuirudisha gololi ndani ya kitundu chake hadi ikae sawasawa. Ukishahakikisha kwamba sindano imerudi nyuma, ndipo unapoifunga katriji mpya kwa mkono hadi mwisho. Anayeanza na katriji kabla ya kuitega springi anaipeleka katriji mpya moja kwa moja kwenye ncha ya sindano, na gesi yote itaishia karakana. Mwisho unaukunja mfuko kama ulivyokuwa na kufunga zipu.

Katriji zenyewe zinataka umakini kuliko kizibao. Kila kampuni ina ujazo na uzi wake wa skrubu, na hata ndani ya kampuni moja kizibao kidogo huenda na katriji ya ujazo mdogo, kikubwa na ya ujazo mkubwa. Katriji za kujazia matairi ya baiskeli hazifai kabisa, hata kama kwa macho zinafanana. Gesi ikiwa pungufu mfuko utabaki laini, na ikizidi itakubana kifua pale ambapo mbavu tayari zina shida yake. Uzito wa katriji kwa kawaida umeandikwa kwenye chuma chake, kwa hiyo mara moja moja inafaa kuitoa na kuipima: ikiwa imepungua, gesi inavuja na katriji hiyo haifai tena. Mizani haikosekani mji huu, kuanzia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba hadi ya wafanyabiashara wa dhahabu, ila kwa kazi hii inatosha mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni. Kizibao kisiachwe juani juu ya siti ukiwa mkutanoni, wala ndani ya gari lililofungwa mchana wa Januari, kwa kuwa gesi iliyoshindiliwa haipendi joto kali.

Kuhusu alama ya ubora, kipimo cha Ulaya kwa vizibao vinavyofunguka kwa kamba ni EN 1621-4. Kinataka mfuko uwe umejaa ndani ya milisekunde 200, kisha mfuko uliojaa hugongwa kwa kiasi maalumu cha nishati na kupimwa ni nguvu kiasi gani inayopenya hadi upande wa mwili. Ngazi ya 1 huruhusu wastani usiozidi kilonyutoni 4.5, na ngazi ya 2 usiozidi 2.5. Ili tarakimu hizo ziwe na maana, kikinga mgongo cha kawaida cha povu gumu hupimwa kwa EN 1621-2, ambako hata ngazi yake ya 2, iliyo bora, huruhusu hadi kilonyutoni 9. Hiyo ndiyo sababu ya kuvumilia gharama na kamba. Zipo nakala za bei ya chini mtandaoni ambazo zina herufi CE tu zilizochapwa kifuani, bila namba ya kipimo wala ngazi. Kwangu mimi hiyo ni nguo tu, na fedha hiyo ni bora uinunulie helmeti nzuri inayofunika uso mzima, yenye alama ya kipimo cha helmeti cha ECE 22.05 au 22.06, pamoja na kikinga mgongo cha povu. Cha mtumba sikishauri. Jaketi la ngozi la mtumba ni nguo njema na mimi ninalo, lakini mfuko wa hewa uliokunjwa miaka mingi ghalani kwa mtu hauonyeshi ulipochakaa.

Sasa uvaaji, ambako mila yetu ya barabarani inagongana na kifaa. Waendesha bodaboda wengi hapa huvaa jaketi zito kinyumenyume, mgongo wa jaketi ukiwa kifuani ili kuzuia upepo wa alfajiri, na zipu ikiwa wazi nyuma. Kizibao cha kamba kikivaliwa chini ya jaketi la namna hiyo hakina pa kupanukia, na kishikizo cha kamba kinafichwa. Chenyewe lazima kiwe vazi la juu kabisa. Riflekta ya chama cha bodaboda isivaliwe juu yake, na ndiyo maana nashauri kuchagua kizibao chenye rangi ya kung'aa na mistari ya kuakisi mwanga iliyoshonwa kiwandani. Begi la mgongoni nalo ni tatizo, kwa kuwa mikanda yake huufunga mfuko usijae na kilichomo ndani hukusukuma uti wa mgongo. Vifaa vyangu vya chanjo vimehamia kwenye boksi la nyuma ya siti. Wakati wa masika koti la mvua hutangulia chini na kizibao hufuata juu. Kipimo cha ukubwa kichukuliwe kwa kujipima kifua ukiwa umevaa jaketi utakalolitumia, na mikanda ikishafungwa ibaki nafasi ya viganja kupita. Kuna joto pia. Vizibao vingi vya kamba vina uzito wa kilo 1 na nusu hivi, na mchana wa Mwanza mtu atatokwa na jasho mgongoni. Chenye kitambaa cha wavu kinasaidia kiasi. Kasoro hiyo nimeikubali.

Udhaifu mkubwa wa kamba ni kwamba isipopachikwa kizibao kizima ni pambo. Kwa mtu kama mimi, anayepanda na kushuka mara chache kwa siku, mkono unazoea upesi, lakini bodaboda anayeshusha abiria Buzuruga, Igoma na Mlango Mmoja asubuhi moja atachoka. Kamba ifungwe kwenye fremu ya chuma mbele au chini ya siti, na iwe na urefu unaokuruhusu kusimama juu ya vikanyagio unapopita kwenye mashimo bila kukaza. Kwa skuta kazi ni ngumu kidogo kwa sababu mwili wake wote umevikwa plastiki. Mwenzangu wa ofisini, ambaye huenda kazini kwa skuta kutoka Pasiansi, alitaka kuipitisha kamba kwenye kindoano cha kutundikia mfuko wa sokoni kilicho mbele ya magoti. Fundi alimwambia, "Dada, ukiifunga kwenye plastiki, plastiki ndiyo itakayokufuata huko uendako." Tulifungua siti, tukakuta bomba la fremu, na kamba ikatokea katikati, nyuma kidogo ya mapaja.

Abiria naye, akitaka kinga hiyo, anahitaji kizibao chake na kamba yake, iliyofungwa mahali pake. Kwa mshikaki, yaani abiria wawili au zaidi kwenye pikipiki moja, hakuna la kusema.

Bei ndiyo inayowafukuza wengi. Vizibao vya kamba vya kampuni zenye jina huuzwa nje kwa dola za Marekani kati ya 400 na 800 hivi, yaani karibu shilingi milioni 1 hadi milioni 2 kabla ya usafiri na ushuru, na katriji moja ya akiba ni makumi ya maelfu ya shilingi. Mwenyekiti mmoja wa kijiwe pale Igoma nilipomweleza alicheka kwa adabu na kuniuliza, "Daktari, milioni na nusu niivae kifuani, na pikipiki yenyewe ni ya mkataba?" Sikuwa na jibu la kumpa, na sidhani kwamba makala yoyote inaweza kumpa. Waajiri wanaowapeleka watumishi wao vijijini kwa pikipiki, yaani miradi, mashirika na halmashauri, ndio wanaopaswa kuulizwa swali hilo, kwa sababu wao hununua pikipiki kwa makumi na fedha za bima ya wafanyakazi tayari wanazilipa.

Kwa anayeagiza, matatizo yote yako kwenye katriji. Gesi iliyoshindiliwa huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari katika usafiri wa anga, hivyo wasafirishaji wengi wa vifurushi huikataa, au hukubali kizibao na kuzirudisha katriji. Njia iliyonifaa ni ya ndugu anayesafiri. Kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, humruhusu abiria, kwa idhini ya shirika la ndege, kubeba kizibao kinachojijaza chenye katriji zisizozidi mbili ndani yake pamoja na mbili za akiba. Idhini hiyo iombwe kwa maandishi kabla ya siku ya safari, na kijitabu cha mtengenezaji kichapwe na kuwekwa pamoja na kizibao, kwa sababu ofisa wa ukaguzi atakayeiona chupa ndogo ya chuma yenye sindano kwenye mashine yake atataka kuelezwa, na ndugu yako aliyechoka na safari ya usiku huenda asiwe na maneno ya kutosha.